Gari la mitumba likikusumbua: mwongozo kutoka gereji za Kibera na Kawangware

Nilikwenda Nairobi kwa siku tatu, nikakaa kumi na mbili. Sababu ilikuwa gari.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anaishi Kawangware na anaendesha teksi ya kuitwa kwa simu. Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, injini ya sisi 1300, na alilinunua kwa mtu aliyelitumia humu nchini miaka minne. Nusu ya pesa ilikuwa akiba yake na ya mamake, nusu alikopa kwa kuweka logibuku rehani. Nilimshauri asiingie kwenye mkopo ule, kwa riba yake na kwa hatari yake, lakini ulikuwa umeshakuwa. Wiki ya sita gari likaanza kuchemka. Simu aliyonipigia usiku ilikuwa fupi: "Mjomba, gari limechemka tena, na kesho ni siku ya kulipa."

Fundi wa kwanza alimuuzia feni. Wa pili alifungua boneti, akatazama dakika mbili, akasema injini imekufa na nyingine ni shilingi 90,000. Kijana alikuwa tayari kukopa tena. Ndipo nikapanda basi.

Nina diploma ya ufundi wa mitambo, ingawa kwa miaka mingi mkono wangu umezoea kalamu kuliko spana. Siku zile nilishinda kwenye gereji za jua kali, Kawangware kando ya Barabara ya Naivasha, na Kibera upande wa Makina, ambako mzee mmoja wa Kinubi ndiye aliyelitibu gari lile. Niliyoyaona na niliyokumbushwa nimeyaandika hapa kwa ajili ya vijana wetu walio bara, na kwa ajili yetu tulio Pwani, kwani magari haya yote hushuka bandari moja, Kilindini, na mengi hurudi kwetu yakiwa yamechoka.

Kwanza maswali, kisha spana

Yule mzee hakugusa gari mpaka alipouliza. Tatizo lilianza lini, na kabla yake gari lilifanyiwa nini? Hutokea injini ikiwa baridi au ikiwa moto? Hutokea limesimama au likienda mbio? Kuna maji, oili au mafuta yanayopungua? Kuna taa yoyote inayowaka kwenye dashibodi?

Majibu ya maswali haya matano hupunguza nusu ya kazi. Yaandike kwenye simu yako kabla ya kwenda gereji. Fundi anayeanza kubadilisha vitu kabla ya kuuliza anakisia, na gharama ya kukisia ni yako.

Gari kuchemka

Haya ndiyo malalamiko makubwa, na ndiyo yanayoua injini nyingi.

Ukitaka kujua pa kuanzia, angalia lachemka wakati gani. Likichemka kwenye foleni na kupoa likianza kwenda, shuku feni, swichi yake au relei yake. Likichemka likienda mbio au likipanda mlima, shuku rejeta iliyoziba, themostati iliyokwama au pampu ya maji. Maji yakipungua na huoni yanapovujia, shuku gaskiti ya hedi.

Kitu kidogo kinachosahauliwa ni kifuniko cha rejeta. Watu hudhani kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike tu. Kazi yake kubwa ni kuweka presha. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, si 100 kama kwetu. Injini nyingi hufanya kazi karibu na nyuzi 90. Kifuniko kizima, chenye alama ya 0.9 au 1.1 juu yake, huyafanya maji yasichemke mpaka yapite nyuzi 110. Kifuniko kilicholegea springi au kilichokauka mpira hakishiki presha, na gari lililokuwa likivumilia Mombasa huanza kutokota Nairobi. Ukinunua kingine, nunua chenye namba ileile.

La pili ni themostati. Hiki ni kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, na kwa kawaida hufunguka kati ya nyuzi 82 na 88. Mafundi wengi wana mazoea ya kuitoa na kuitupa wakidai "nchi yetu ni ya joto". Matokeo yake injini huchelewa kupata moto, hunywa petroli zaidi, na oili huchafuka upesi. Utaitambua kwa njia rahisi: magari mengi madogo hayana mshale wa joto, yana taa ya buluu ya baridi na taa nyekundu ya moto. Taa ya buluu inapaswa kuzimika baada ya dakika chache za kuendesha. Ikibaki inawaka kilomita kadhaa, themostati imetolewa au imekwama wazi.

La tatu ni maji yenyewe. Maji ya mfereji au ya kisima huleta kutu na chumvi ndani ya injini, na kwetu Pwani maji mengi ya visima yana chumvi. Tumia kulanti iliyochanganywa tayari, au ile nzito uichanganye na maji safi yasiyo na chumvi.

Gari likichemka njiani, zima kiyoyozi, egesha, zima injini, ngoja si chini ya nusu saa. Usifungue kifuniko likiwa moto, kwani maji yatakurukia usoni. Usimwage maji baridi juu ya injini yenye moto, kwani hedi inaweza kupasuka au kupinda. Na usiseme "nafika hapo mbele tu". Kilomita tano za gari lililochemka zatosha kugeuza kazi ya mia kadhaa kuwa kazi ya makumi ya maelfu.

Hayo ndiyo yaliyompata mpwa wangu. Mzee alikuta kifuniko kimekufa, themostati haimo, na ndani ya rejeta maji ya rangi ya chai ya rangi. Tatizo la awali lingemalizwa kwa kifuniko cha shilingi 700, themostati ya 1,800 na kulanti. Lakini kijana alikuwa ameendesha likichemka siku nne, kwa sababu mkopo haungoji, na gaskiti ya hedi ikawa imeungua. Kuvua hedi, kuisawazisha kwa mashine, gaskiti mpya na ufundi, jumla ilifika shilingi 27,500. Ni pesa nyingi, lakini si 90,000, na injini ilibaki ileile.

Ni gaskiti kweli?

Kwa kuwa "gaskiti imekufa" na "injini imekufa" ni maneno ya gharama, usiyakubali bila ushahidi. Dalili ziko nne. Povu la rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko cha oili au kwenye kijiti cha oili. Mapovu ya hewa yasiyokwisha kwenye rejeta injini ikiunguruma. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata moto. Na mipira ya rejeta kuwa migumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha gari lililolala usiku kucha.

Mwambie fundi apime mgandamizo wa silinda moja moja mbele yako. Silinda mbili za jirani zikiwa chini kuliko nyingine, gaskiti imekatika kati yake. Povu kidogo kwenye kifuniko peke yake lisikutie hofu: gari la safari fupi fupi asubuhi za baridi, kama za Julai Nairobi, laweza kupata unyevu huo bila gaskiti kuwa mbovu.

Gari halina nguvu

Mtu wetu akitoka Mombasa hupiga simu akifika Nairobi: "Gari limekuwa zito." Mara nyingi gari halina ugonjwa. Hewa ya Nairobi ni nyepesi, na injini isiyo na taboo hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Barabara yenyewe, kama kilomita 480, ni ya kupanda kuanzia Mazeras. Nguvu zikirudi ukishuka Voi, ujue ilikuwa hewa.

Lakini uzito ukibaki hata Pwani, fuata mpango huu, kutoka rahisi kwenda ghali. Kwanza filta ya hewa: vumbi la vichochoro vya Kibera na Kawangware huiziba kabla ya muda wake. Pili plagi: zitoe uzitazame, na ikiwa gari linatetemeka likiwa limesimama, badilisha nafasi za koili mbili uone kama tatizo linahama nazo. Tatu, mdomo wa hewa na sensa ya hewa, ambavyo husafishwa kwa dawa yake maalumu, si kwa petroli na mswaki. Nne, filta na pampu ya petroli.

Na petroli yenyewe. Kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli na petroli kulienea hata serikali mwaka 2018 ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Gari likianza kugongagonga ndani au kukosa nguvu mara tu baada ya kujaza mafuta, andika kituo na tarehe, weka risiti, na usirudi hapo.

Asubuhi haliwaki

Sikiliza. Ukizungusha ufunguo na ukasikia "tak" moja au "tak-tak-tak", shida ni umeme: betri, ncha zake au stata. Injini ikizunguka vizuri lakini haishiki, shida ni mafuta au moto wa plagi.

Mita ya umeme ya bei nafuu hukuokoa hapa. Betri iliyopumzika usiku ikisoma volti 12.6 imejaa. Ikisoma chini ya 12.2, imechoka au kuna kitu kinainyonya. Washa injini: usomaji uwe kati ya 13.8 na 14.5. Ukiwa chini ya 13.5 na haupandi, alteneta haichaji ipasavyo au mkanda wake umelegea, na betri mpya utakayonunua itakufa vilevile.

Kabla ya kununua chochote, safisha ncha za betri. Zile mbegu za kijani na nyeupe, ambazo kwetu Pwani huota upesi, huzuia umeme kupita.

Jambo jipya nililoliona Kawangware ni hili: magari ya mkopo wa logibuku hufungwa kifaa cha kufuatilia gari lilipo, na kikiungwa vibaya huinyonya betri usiku kucha. Vivyo hivyo redio kubwa na kengele za wizi zilizoungwa na mtu wa kando ya barabara. Mwambie fundi wa umeme apime mkondo gari likiwa limezimwa na milango imefungwa kwa nusu saa. Ukizidi miliampia 50, kuna kinachonyonya. Atoe fyuzi moja moja mpaka usomaji ushuke, na hapo mwizi atajulikana.

Taa ya injini

Ukizungusha ufunguo bila kuwasha injini, taa zote za onyo zinapaswa kuwaka: injini, oili, betri, breki, mifuko ya hewa. Kisha injini ikiwaka zizimike. Isiyowaka kabisa mwanzoni imefichwa. Kwenye gari la mpwa wangu taa ya injini haikuwa ikiwaka. Mzee alifungua dashibodi akakuta imezibwa kwa kipande cha utepe mweusi. Aliyeuza alijua.

Taa hiyo ikiwaka bila kupepesa, unaweza kuendesha taratibu hadi gereji. Ikipepesa, silinda fulani haichomi mafuta, na petroli mbichi inaunguza kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Punguza mwendo, egesha.

Chini ya usukani kuna tundu la kuunganisha mashine ya kusoma kosa. Siku hizi kuna kifaa kidogo kinachoungana na simu, nacho si ghali. Makosa utakayokutana nayo sana ni haya: P0300 na ndugu zake, P0301 hadi P0304, ni silinda kukosa moto, na tarakimu ya mwisho ndiyo namba ya silinda. P0171 ni hewa kuzidi mafuta: tafuta mpira wa hewa uliopasuka au sensa chafu. P0128 ni injini kutopata moto, yaani themostati. P0420 ni kichujio cha moshi kutofanya kazi vizuri.

Kosa ni anwani ya mtaa, si ya nyumba. P0171 haisemi "nunua sensa", yasema "anza kutafuta hapa".

Tahadhari mbili. Muuzaji anaweza kufuta makosa asubuhi ya siku ya kuuza, taa ikae kimya siku mbili. Endesha gari kwa muda mrefu kabla ya kulipa, na kwenye kifaa angalia kama mifumo inaonyesha imekamilisha kujipima. Ikiwa mingi bado haijakamilisha, kumbukumbu imefutwa karibuni. Na kichujio cha moshi kina madini ya thamani. Kuna gereji zinazokiiba, na kuna zinazokushawishi "kitoe, gari litakuwa jepesi". Gari likilala gereji, piga picha chini yake kabla ya kuondoka.

Moshi wasema nini

Moshi wa buluu ni oili inaungua. Ukitoka unapowasha tu kisha ukakoma, ni mipira ya vali. Ukiwa haukomi hasa ukikanyaga mafuta, ni ringi, na hiyo ni kazi kubwa. Moshi mweusi ni petroli kuzidi hewa: filta, nozeli au sensa. Moshi mweupe mwepesi asubuhi ya baridi ni mvuke tu. Ule mzito wenye harufu tamu tamu ni kulanti.

Hapa niseme la oili. Injini ndogo nyingi za Kijapani zimeundwa kwa oili nyepesi, 0W-20 au 5W-30. Gereji nyingi zina pipa moja la 20W-50 kwa kila gari. Oili nzito huchelewa kufika juu asubuhi, na mifumo ya kubadilisha muda wa vali hutegemea oili ipite kwenye vitundu vidogo. Nunua oili mwenyewe, iliyofungwa, wa namba sahihi, na ibadilishwe ukiwa umesimama hapo.

Ukinunua gari lenye mkanda wa muda badala ya cheni, kama Subaru za injini ya EJ zinazopendwa sana Nairobi, na hujui mkanda ulibadilishwa lini, badilisha. Ukikatika vali hupinda, na bei ya mkanda itakuwa kitu cha kukumbuka kwa uchungu.

Gia

Vitz, Note, Fit na nyingi za aina hii zina gia ya CVT, isiyo na vidato. Gari likitetemeka likianza kuondoka, au injini ikinguruma na mwendo haupandi, anza na mafuta ya gia. CVT hutaka mafuta yake mahsusi: Nissan nyingi ni NS-2 au NS-3, Toyota na Honda zina yao. Mafuta ya kawaida ya otomatiki huiharibu gia ya CVT. Kwa kuwa magari mengi haya hayana kijiti cha kupimia, usimruhusu fundi akadirie kwa macho: yapimwe yaliyotoka, na yaingie kiasi hicho, kisha kimo kihakikishwe kama mtengenezaji anavyotaka. Mafuta yakitoka meusi na yana vipande vya chuma, gia imeumia tayari, na mafuta mapya hayataitibu.

Breki na kelele za chini

Mlio mkali mwembamba ukikanyaga ni pedi zilizokwisha. Usukani ukitetemeka ukifunga breki kwa kasi ni diski zilizopinda. Pedeli ikizama polepole ukiikanyaga na gari limesimama ni pampu kuu au uvujaji: hilo gari lisiondoke hapo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na Pwani unyevu ni mwingi. Badilisha kila baada ya miaka miwili.

Kwa kelele: "kok-kok" kwenye mashimo madogo mara nyingi ni linki au bushi, si shokomzoba. "Ta-ta-ta" ukikata kona huku unaongeza mafuta ni sivi-jointi, na mara nyingi ulianza kwa mpira wake kupasuka. Mvumo unaoongezeka na mwendo ni beringi. Boli-jointi ikilegea usingoje mshahara, kwani gurudumu laweza kuchomoka.

Kutu ya Pwani, tope la Nairobi

Wanunuzi wa Nairobi huogopa gari lililokaa Mombasa, na wana haki kiasi. Hewa ya chumvi hula chini ya gari, mabomba ya breki, na mikunjo ya milango. Ukinunua gari kwetu, lipandishe juu, gonga chasisi kwa bisibisi, sikiliza panapolia kitupu. Ukiwa nalo, lioshe chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa ukiegesha karibu na bahari.

Na ukinunua Nairobi, jihadhari na gari lililozama. Mvua za Machi hadi Mei 2024 zilifurisha sehemu nyingi za jiji, na magari yaliyoingia maji hayakutoweka, yaliuzwa. Nyanyua zulia chini ya kiti, tazama reli za viti kama zina kutu, vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho uone kama una mstari wa tope, angalia unyevu ndani ya taa, nusa.

Kabla ya kutoa pesa

Sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo gari linaloitwa "jipya kutoka Japani" kwenye yadi za Barabara ya Ngong linaweza kuwa na miaka saba mgongoni. Kilomita zake zilinganishe na uchakavu: pedeli zilizolika na usukani uliong'aa havilingani na kilomita 60,000. Kwa gari la moja kwa moja kutoka Japani, omba cheti cha ukaguzi kabla ya kusafirishwa na karatasi ya mnada, ulinganishe namba ya chasisi.

Tafuta rekodi ya gari kwa NTSA kupitia eCitizen. Jina la mwenyewe lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Kukiwa na jina la benki au kampuni ya mikopo pamoja na lake, gari bado ni la mkopeshaji. Namba ya chasisi na ya injini zisomwe kwenye chuma chenyewe, si kwenye karatasi tu. Na umiliki uhamishwe siku ya malipo, si "wiki ijayo".

Nenda na fundi ambaye hajui muuzaji. Lione gari asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukifika ukakuta muuzaji ameshaiwasha "ikuchangamkie", rudi siku nyingine.

Wewe na fundi

Nimewaona mafundi wa Kibera na Kawangware wenye ujuzi kuliko wenye vyeti, na nimewaona wakisiaji. Utawatofautisha kwa mambo matatu. Fundi mzuri hupima kabla ya kubadilisha. Hukuonyesha kipuri cha zamani. Na husema "sijui, mpeleke kwa fulani" panapomshinda. Spea nunua mwenyewe, iwe Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, au dukani kwenu. Beba kile cha zamani ukilinganishe, na udai risiti. Mkubaliane bei ya ufundi kabla ya boneti kufunguliwa. Usiache gari na tangi lililojaa.

Na wewe muuzaji

Waislamu wenzangu tunajua kisa cha Mtume (S.A.W.) sokoni, alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka akakuta chini pamelowa, akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuweka palipolowa juu watu wapaone. Fundisho lake halihitaji mufti: aibu ya bidhaa unayoijua ni haki ya mnunuzi kuijua. Utepe mweusi juu ya taa ya injini ni nafaka iliyolowa. Aliyemuuzia mpwa wangu hakudanganya kwa mdomo, maana hakuulizwa. Lakini alikaa, akakata kipande cha utepe, akakibandika.

Kijana alitaka tumfuate. Tulimpigia. Mwanzo alikana, kisha akasema "gari la mitumba ni bahati". Siku ya tatu alituma shilingi 10,000 bila neno. Sikujua niziite nini, nilimwambia mpwa wangu alipe nazo mkopo.

Gari liko barabarani sasa. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kuwasha injini, anafungua boneti, anatazama maji, anavuta kijiti cha oili, anahesabu taa za dashibodi moja moja. Dakika tano tu. Na wewe msomaji, kama unalo gari la mitumba, kesho asubuhi injini ikiwa baridi anza na kile kifuniko cha rejeta.